Diodi ya Schottky: Vali Ndogo ya Umeme katika Vifaa vya Tiba

Kila kifaa cha tiba kitumiacho umeme, kuanzia mashine ndogo ya kupimia presha hadi jokofu la chanjo, hutegemea vipande vidogo ambavyo mhudumu wa afya na mgonjwa hawavioni. Kimojawapo ni diodi. Kazi yake ni kuuruhusu mkondo wa umeme upite upande mmoja na kuuzuia usirudi. Makala haya yanaeleza aina moja ya diodi, iitwayo diodi ya Schottky: ilivyoundwa, inavyofanya kazi, mahali inapofaa, na mahali ambapo kuitumia ni kuharibu mashine.

Mifano mingi imechukuliwa kutoka mazingira ya Kibosho, katika mteremko wa Kilimanjaro juu ya mji wa Moshi. Huko, jengo moja la huduma ya afya laweza kutumia umeme wa gridi, umeme wa jua na umeme wa betri kwa siku moja. Miti ni mingi, ukungu hushuka mara kwa mara, na mti ukiangukia waya wakati wa masika, taa huzimika. Palipo na vyanzo vitatu vya umeme, pana haja ya kipande cha kuamua mkondo uende wapi na usirudi wapi.

Kimo cha maji na vali ya moyo

Wenyeji wa mteremko huu wameyaongoza maji mashambani kwa mifereji, yaani mifongo, kwa karne nyingi. Mchimbaji wa mfongo hujua mambo mawili: wingi wa maji yapitayo, na tofauti ya kimo kati ya banio na shamba. Katika umeme, wingi wa maji hulingana na mkondo, ambao hupimwa kwa ampea. Tofauti ya kimo hulingana na volteji, ambayo hupimwa kwa volti. Kimo kikipotezwa njiani, hakirudi. Shamba la mwisho hupata maji kidogo. Vivyo hivyo, volteji inayopotea ndani ya kipande chochote cha saketi haikifikii kifaa. Hugeuka joto.

Kwa msomaji wa fani ya tiba, mfano ulio karibu zaidi ni vali ya moyo. Vali hufunguka damu inaposukumwa mbele na hufunga inapotaka kurudi. Ugonjwa wake ni wa namna mbili. Vali ikisinyaa, moyo hulazimika kutumia shinikizo kubwa ili kupitisha damu ileile. Vali ikivuja, sehemu ya damu hurudi ilikotoka. Diodi nayo hupimwa kwa maswali hayo mawili: hutoza volteji kiasi gani ili mkondo upite, na huvujisha mkondo kiasi gani inapotakiwa kufunga? Jibu la diodi ya Schottky ni kwamba hutoza kidogo, lakini huvuja zaidi. Mengine yote yatakayosemwa hapa yanatokana na jibu hilo.

Metali ikikutana na silikoni

Diodi ya kawaida huundwa kwa tabaka mbili za silikoni zilizotiwa chembe za elementi nyingine, moja ikiwa na elektroni za ziada na nyingine ikiwa na upungufu wa elektroni. Diodi ya Schottky haina tabaka la pili la silikoni. Badala yake, metali kama vile molibdeni, platini au kromi hulazwa moja kwa moja juu ya silikoni yenye elektroni za ziada. Pale metali na silikoni zinapokutana hujengeka kizingiti cha nishati ambacho elektroni hulazimika kukivuka.

Jambo hili liligunduliwa kabla ya kueleweka. Mwaka 1874 mwanafizikia Mjerumani Ferdinand Braun alionyesha kwamba ncha ya metali ikigusa fuwele za madini fulani ya salfaidi, umeme hupita kwa urahisi upande mmoja kuliko upande mwingine. Braun huyohuyo mwaka 1897 alibuni mrija wa miale ya kathodi, uliokuja kuwa kioo cha mashine za kuonyesha mapigo ya moyo kwa miaka mingi. Maelezo ya kizingiti kati ya metali na nusukipitishi yalitolewa mwaka 1938 na Walter Schottky, mwanafizikia Mjerumani aliyezaliwa Zürich mwaka 1886, na jina lake ndilo lililobaki kwenye diodi hii.

Neno kizingiti lafaa kwa maana yake ya nyumbani. Mlango wenye kizingiti kifupi huingiwa kwa urahisi hata na mtoto, lakini mvua kubwa ikinyesha, maji nayo huingia kwa urahisi. Diodi ya Schottky huwa na kizingiti kifupi. Mkondo unapoelekea mbele, volteji ndogo hutosha kuuvusha. Mkondo unapotaka kurudi, baadhi ya elektroni za metali hukiruka kizingiti hichohicho na kuvuja. Joto likipanda, elektroni nyingi zaidi hupata nguvu ya kuruka. Kwa hiyo faida na hasara za diodi hii si mambo mawili yaliyokutana kwa bahati. Zote zinatokana na kimo cha kizingiti kimoja. Mtengenezaji anayekipunguza ili volteji isipotee hujua kwamba anaongeza uvujaji.

Tofauti nyingine ni ya mwendo. Ndani ya diodi ya kawaida, wakati mkondo unapita, chaji hurundikana kati ya tabaka mbili. Mkondo ukigeuka ghafla, rundo hilo lazima liondolewe kwanza ndipo diodi ifunge, na katika diodi za kunyoosha mkondo wa gridi jambo hilo huchukua mikrosekunde kadhaa. Katika diodi ya Schottky hakuna rundo la namna hiyo, kwa hiyo hufunga mara moja, ndani ya nanosekunde chache.

Takwimu zinavyosema

Tulinganishe diodi tatu ambazo fundi yeyote wa redio huzifahamu. Diodi ya kawaida ya 1N4007, ikipitisha ampea 1, hutoza hadi volti 1.1. Diodi ya Schottky ya 1N5819, kwa mkondo huohuo, hutoza hadi volti 0.6; ndugu yake 1N5817 hutoza hadi volti 0.45. Kwa upande wa ushuru wa kupita, Schottky imeshinda.

Sasa tutazame upande wa pili. 1N4007 huhimili volti 1,000 za kurudi nyuma. 1N5819 huhimili volti 40 tu, na 1N5817, iliyotoza kidogo kuliko zote, huhimili volti 20 tu. Katika nyuzijoto 100 za Selsiasi, 1N4007 huruhusiwa kuvuja mikroampea 50; 1N5819 huruhusiwa kuvuja miliampea 10, yaani mara 200 zaidi. Diodi za Schottky za silikoni zinazohimili volti 100 hadi 200 zipo, ila ushuru wake huongezeka na kukaribia ule wa diodi ya kawaida. Zile zihimilizo volti 600 na zaidi hutengenezwa kwa kabidi ya silikoni, na ziliingia sokoni mwanzoni mwa karne hii; hizo hupatikana zaidi katika mitambo mikubwa.

Kwa hiyo hakuna diodi iliyo bora kwa kila kazi. Schottky hufaa penye volteji ndogo, mkondo mkubwa au mwendo wa kasi. Penye volteji kubwa, diodi ya kawaida ndiyo yenye haki ya mahali pake.

Ndani ya adapta moja

Mahali pazuri pa kuziona aina zote mbili zikigawana kazi ni ndani ya adapta ya kisasa, kama ile iletayo umeme kwenye mashine ya kuvutia mvuke wa dawa ya pumu au kwenye monita ya mgonjwa. Umeme wa gridi nchini Tanzania ni wa volti 230, na hugeuka mwelekeo mara 50 kwa sekunde kwenda na kurudi. Kilele chake hufikia takriban volti 325. Hatua ya kwanza ndani ya adapta ni kuunyoosha umeme huo ili uende upande mmoja tu, na kazi hiyo hufanywa na diodi nne za kawaida. Schottky ya silikoni ikiwekwa hapo itapasuka mara tu swichi itakapowashwa.

Baada ya hapo transista huukatakata umeme ulionyooshwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, au zaidi ya mara 100,000, na kuupitisha katika transfoma ndogo inayoushusha hadi volti 5 au 12. Sasa mkondo ni mkubwa, volteji ni ndogo, na mwendo ni wa kasi. Hapa ndipo Schottky inapokaa. Tuchukue chanzo kitoacho volti 5 na ampea 10, yaani wati 50. Diodi inayotoza volti 1 itageuza wati 10 kuwa joto; Schottky inayotoza volti 0.5 itageuza wati 5. Ndani ya boksi la plastiki lisilo na feni, wati 5 hizo huamua ikiwa kapasita za jirani zitadumu miaka mingi au zitavimba mapema.

Na ikiwa fundi, kwa kukosa Schottky dukani, ataweka 1N4007 mahali pake? Katika mikato 100,000 kwa sekunde, mzunguko mmoja ni mikrosekunde 10. Diodi inayohitaji mikrosekunde kadhaa kufunga itakuwa wazi katika sehemu kubwa ya muda iliotakiwa kuwa imefunga. Umeme utarudi ulikotoka, diodi itachemka, na adapta itakufa tena baada ya dakika au siku chache. Mgonjwa ataambiwa kwamba mashine yake ni mbovu, ilhali mashine haina kosa. Vali iliyowekwa ndiyo isiyolingana na mapigo.

Kivuli cha mgomba juu ya paneli

Kibosho ni nchi ya vihamba. Migomba, mibuni, miruka na miringaringa hukua pamoja, na kivuli chake ndicho kinachoitunza kahawa. Kivuli hichohicho ni adui wa paneli ya umeme wa jua.

Paneli kubwa iliyozoeleka huwa na seli 60 zilizounganishwa kwa mfululizo kama shanga katika uzi. Mkondo upitao katika seli moja hupita katika zote. Jani la mgomba likiifunika seli moja, seli hiyo huacha kuzalisha umeme na kuwa kikwazo; nishati ya seli nyingine huishia ndani yake na kuichoma. Ili kuzuia hilo, watengenezaji huzigawa seli katika makundi matatu ya seli 20, na kila kundi huwekewa diodi ya pembeni, ambayo kwa kawaida ni ya Schottky. Kundi lenye kivuli likikwama, mkondo hupita katika diodi na kuliruka. Paneli hupoteza theluthi moja ya nguvu badala ya karibu nguvu yote, na seli iliyofunikwa haiungui. Mkondo ukiwa ampea 8, diodi inayotoza volti 0.5 hutoa wati 4 za joto. Ile inayotoza volti 1 hutoa wati 8, ndani ya kisanduku kilichozibwa nyuma ya paneli iliyokwisha kupigwa na jua.

Msaada huo una mpaka. Jani moja lililolala likikatiza makundi yote matatu, diodi zote tatu zitafanya kazi na paneli haitatoa chochote cha maana. Diodi haiondoi haja ya kupogoa matawi, kufuta vumbi na kinyesi cha ndege, au kuchagua paa lisilofikiwa na kivuli kuanzia asubuhi hadi jioni.

Radi nayo ina sehemu yake. Radi ikipiga jirani na paneli, msukumo wa ghafla waweza kuiharibu diodi ya pembeni ili ibaki wazi pande zote mbili. Kundi lake hupotea hata jua linapowaka. Paneli ya seli 60 isiyounganishwa na kifaa chochote, ambayo kwenye jua kali husoma karibu volti 37, itasoma karibu volti 25. Theluthi kamili ikikosekana, fundi aanze kwa kufungua kisanduku cha nyuma kabla ya kuilaumu betri.

Jambo hili linawahusu hata wanaotumia majokofu ya chanjo yanayoendeshwa na jua moja kwa moja bila betri. Majokofu hayo huhifadhi baridi katika barafu badala ya kuhifadhi umeme, na chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8. Paneli iliyopoteza theluthi ya nguvu yaweza kutosha mwezi wa Januari, kisha ikashindwa mwezi wa Julai, mawingu yanapoutanda mlima siku nzima.

Betri, gridi na mlango wa pamoja

Usiku, paneli haizalishi umeme, lakini betri imejaa. Bila kizuizi, umeme wa betri ungerudi polepole kwenye paneli. Vidhibiti chaji vingi vya bei nafuu huzuia hilo kwa diodi ya Schottky. Kwa mkondo wa ampea 5, diodi inayotoza volti 0.8 hupoteza wati 4. Inayotoza volti 0.4 hupoteza wati 2. Katika saa 5 za jua, tofauti ni watisaa 10, kiasi cha kuwasha taa ya wati 5 kwa saa mbili katika chumba cha kujifungulia.

Diodi mbili za Schottky pia huweza kuunganisha vyanzo viwili katika mlango mmoja. Moja hutoka kwenye adapta ya gridi yenye volti 13.8, nyingine kwenye betri yenye volti 12.7. Maadamu gridi ipo, adapta yenye volteji ya juu ndiyo inayolisha kifaa na diodi ya betri hukaa imefungwa. Gridi ikikatika, diodi ya betri hufunguka yenyewe bila kusubiri swichi wala mtu, na kifaa hakizimiki. Katika mashine za gharama kubwa, kazi hii siku hizi hupewa transista maalumu zinazotoza kidogo zaidi, lakini kanuni ni ileile.

Uvujaji nao usisahaulike. Betri ndogo ya umbo la kitufe, kama ile itunzayo kumbukumbu za joto la jokofu, ina takriban miliampea-saa 220. Diodi inayovuja sehemu moja ya kumi ya miliampea ingeimaliza kwa muda wa miezi mitatu hivi, hata kama kifaa hakitumiki. Hapo diodi ya kawaida yenye kufunga barabara yaweza kuwa chaguo bora, ingawa hutoza zaidi.

Kupima na kubadilisha

Multimita ikiwekwa kwenye alama ya diodi, diodi ya kawaida iliyo nzima husoma kati ya 0.5 na 0.7 upande mmoja, na haisomi kitu upande wa pili. Schottky husoma kati ya 0.15 na 0.3. Fundi asiyeijua huiona namba hiyo ndogo na kudhani imekufa, akaing'oa na kuweka ya kawaida. Diodi iliyokufa husoma sifuri au karibu na sifuri pande zote mbili. Kadhalika, diodi mbili za Schottky mara nyingi hufungwa katika umbo lenye miguu mitatu linalofanana na transista, kama MBR20100. Huhukumiwa kwa maandishi yaliyo juu yake, si kwa sura.

Anayebadilisha alinganishe mambo manne: aina, ampea, volteji ya kuhimili na umbo. Volteji ya kuhimili yaweza kuzidi ile ya zamani kidogo, lakini isipungue kamwe. Diodi kwenye saketi itoayo volti 12 hukutana na volteji iliyo kubwa zaidi ya 12 kila mkondo unapogeuka, kwa hiyo diodi ya volti 20 si salama hapo. Na ikiwa diodi ilikuwa imefungwa kwenye bamba la kupoza, irudishwe hapo. Schottky ikipata joto huvuja zaidi, na uvujaji huzaa joto jingine. Mzunguko huo usipokatwa, huishia kwa diodi kuungua.

Kwa mhudumu na kwa mgonjwa

Mhudumu wa afya hatakiwi kuwa fundi, lakini taarifa yake humsaidia fundi kuliko kifaa chochote cha kupimia. Aandike kifaa kilizimika lini, kama umeme wa gridi ulikatika au radi ilipiga, kama adapta ilikuwa ya moto isivyo kawaida, na kama kimewahi kutengenezwa na kipande gani kilibadilishwa. Kifaa kilichotengenezwa kijaribiwe kwa saa kadhaa kabla ya kurudishwa kwa mgonjwa, kwa kuwa diodi isiyofaa huweza kufanya kazi vizuri katika dakika za kwanza.

Mgonjwa anayetumia kifaa nyumbani asibadilishe adapta kwa sababu tu kichomeo kimeingia. Alinganishe volti, ampea na alama ya chanya na hasi. Baadhi ya vifaa vina diodi ya Schottky mlangoni inayovilinda chanya na hasi zikigeuzwa. Vingine havina, na hakuna alama ya nje inayovitofautisha. Asiifungue adapta, hata ikiwa imechomolewa ukutani, kwa maana kapasita iliyo ndani yaweza kubaki na chaji ya volti mia tatu na zaidi kwa muda. Na aliyehifadhi insulini katika jokofu la umeme wa jua atazame paneli yake mara moja kwa juma, hasa baada ya upepo. Jani la mgomba lililoanguka juu yake huondolewa kwa ufagio; dawa iliyoharibika kwa joto haiwezi kurudishwa ubora wake.